Chenji ya Konda: Maneno Niliyowaambia Mafundi Vijana na Madereva wa Moshi Kuhusu Kapasita ya Gari

Wakubwa zangu, shikamooni. Vijana, marahaba hata kabla hamjasalimia, maana naona macho yenu yote yako kwenye hiki kimkebe hapa mezani.

Kinang'aa, eh? Kina kioo kidogo cha namba za buluu, kina umbo la chupa kubwa ya soda, na ukikiweka nyuma ya Noah na taa za rangi kinapendeza kuliko spika zenyewe. Hii ndiyo kapasita, kifaa kinachoweka umeme kidogo na kuutoa haraka muziki unapopiga. Ukubwa wake unapimwa kwa faradi, na hii ni faradi 1. Imekaa kwenye rafu ya karakana yangu miaka sasa, na kila anayeingia huniuliza inauzwa bei gani. Haiuzwi. Nitawaambia kwa nini tukifika huko.

Nimeombwa niongee leo kwa sababu Desemba iko mlangoni, na Desemba ya huku kwetu mnaijua. Watu wanarudi kutoka Dar, kutoka Mwanza, kutoka ng'ambo ya mpaka. Barabara ya Himo inajaa. Kila mangi mwenye gari anataka apande Marangu, au Kibosho, au aende Rombo, asikike kabla hajaonekana. Ndipo tunapoanza kuwaona karakana, na sentensi yao ni moja: "Fundi, nikifungua muziki taa zinakonyeza, nifungie kapasita." Hasemi nipimie. Anasema nifungie. Ni kama mtu anayeingia duka la dawa akataja kidonge na idadi, na sisi mafundi tunakuwa wauza duka: tunampa, tunapokea hela, tunamtakia safari njema.

Leo nataka tuizungumzie hiyo hela.

Wangapi hapa mmewahi kuwa makonda? Nyosheni mikono, hakuna aibu, mimi mwenyewe nimening'inia mlangoni mwa kifodi cha Kiboriloni. Basi mnajua. Konda asubuhi lazima awe na chenji. Abiria anatoa noti ya elfu kumi, unamrudishia papo hapo, gari linaendelea. Huna chenji, gari linasimama, mama anapiga kelele, trafiki anaanza kukutazama. Chenji ni kitu muhimu. Lakini chenji siyo mapato. Mapato ni abiria. Gari likitembea tupu kutwa nzima, konda anaweza kuwa na mfuko wa sarafu unaomvuta suruali, jioni hesabu ya tajiri haifiki.

Kwenye gari lako abiria ni oltaneta. Injini ikinguruma, umeme wote unaotumika unatoka huko. Akiba aliyoweka tajiri nyumbani ni betri. Kapasita ni ile chenji ya mkononi mwa konda: iko karibu, inatoka haraka kuliko kitu kingine chochote, na ni kidogo.

Kidogo kiasi gani? Hapa nitawasumbua kwa hesabu, mnivumilie. Ndani ya huu mkebe kuna karatasi mbili nyembamba za aluminiamu zimeviringishwa pamoja kama mkeka, na katikati yake kuna utando usiopitisha umeme. Umeme hauvuki. Unajikusanya huku na huku, pande mbili zinatamaniana bila kugusana. Mafundi redio mmezoea kapasita za mikrofaradi 1000, 4700. Faradi 1 ni mikrofaradi milioni moja, kwa hiyo kwa jina ni kubwa kweli. Lakini nguvu iliyomo ni nusu ya faradi, mara volti, mara volti tena. Ikiwa imejaa volti 14.4, ikashuka hadi 12, imekutolea jouli 32 hivi. Jouli ni wati moja kwa sekunde moja. Amplifaya, ile mashine ya kukuza sauti ya muziki, ikivuta wati 1000 inazimaliza jouli 32 kwa sehemu tatu za mia za sekunde. Jicho likipepesa, kapasita imeshamaliza kitambo.

Sasa mtu wa namna hii huwezi kumpa kazi ya kulisha familia.

Hilo jina la faradi limetoka kwa Michael Faraday, Mwingereza, kazaliwa 1791. Baba yake alikuwa mhunzi. Mwenyewe akiwa na miaka 14 alipelekwa kujifunza kazi kwa mjalidi wa vitabu, na badala ya kuvijalidi tu akawa anavisoma. Nyie mnaofagia karakana mkisubiri kufundishwa, mmesikia. Mwaka 1831 huyo huyo akaonyesha kwamba sumaku ikitembea karibu na koili ya waya, umeme unazaliwa ndani ya waya. Kazi ya oltaneta ndiyo hiyo hiyo, mpaka leo. Kapasita imebeba jina lake, lakini kinachoendesha gari lako ni ugunduzi wake.

Turudi kwenye Noah. Tuseme una amplifaya ya wati 1000, wati za kweli. Hizi mpya za daraja D zinageuza asilimia 80 hivi ya umeme kuwa sauti, zinazobaki ni joto. Kwa hiyo ili itoe 1000 lazima ivute kama 1250. Gawa kwa volti 13.8, unapata ampea 90. Zile za zamani za daraja AB ni mbaya zaidi, karibu nusu ya umeme inaishia kukaangia mayai. Sasa funua boneti, usome oltaneta yako. Gari nyingi ndogo zina oltaneta za kati ya ampea 60 na 100, na hicho ni kiwango cha injini iliyochangamka. Gari likiwa sailensa, yaani injini inazunguka bila kukanyagwa mafuta, pale stendi unasubiri abiria, inatoa pungufu sana ya hapo. Na hizo ampea siyo za muziki peke yake: kuna taa, feni, waipa, pampu ya mafuta, chaji ya simu za abiria wanne.

Wengine mtasema amplifaya yangu imeandikwa wati 3000. Ndugu yangu, boksi ni boksi. Geuza amplifaya utazame fyuzi zake. Ukikuta fyuzi mbili za ampea 30, hiyo mashine haiwezi kuvuta zaidi ya ampea 60 kwa muda wowote wa maana, na 60 mara 13.8 ni wati 828 zinazoingia. Zinazotoka ni chini ya hapo. Hizo 3000 ziko kwenye wino.

Taa zikikonyeza basi, gari linakuambia kitu. Volti imeshuka. Na volti haishuki kwa uchawi, inashuka kwa sababu moja ya tatu: oltaneta imezidiwa, au betri imechoka, au njia ya umeme imeziba. Kapasita haigusi hata moja ya hizo tatu. Inachofanya ni kulainisha mshtuko wa mwanzo, lile pigo la kwanza la ngoma, ili mteja asione taa zikikonyeza. Deni liko pale pale, na baada ya pigo kapasita nayo inataka kujazwa. Itajazwa na nani? Na oltaneta ile ile iliyokuwa imezidiwa. Ngoma ya taratibu inaipa nafasi ya kupumua kati ya pigo na pigo. Wekeni singeli, ile ya mapigo 240 kwa dakika, yaani manne kila sekunde, na besi imefunguliwa mpaka mwisho. Mkebe hauna hata muda wa kusema naomba maji.

Sasa ile hadithi ya huu mkebe.

Miaka hiyo nilikuwa fundi kijana mwenye jina, na jina lilikuwa limenipanda kichwani. Desemba akaja bwana mmoja, mtu mzima, ananiita mwanangu, anataka taa zisikonyeze kabla hajapanda Marangu kwa sikukuu. Sikupima chochote. Nikamfungia hii, ikang'aa, akafurahi, akalipa. Siku tatu baadaye simu. Taa bado zinakonyeza, na zaidi ya hapo amplifaya inajizima kila besi inapoingia. Yule mzee hakunitukana. Aliniambia tu, "Mwanangu, jana usiku nimeshuka kwenye kona na mvua, sikuona mtu anayetembea pembeni mpaka alipokuwa kwenye bampa."

Nilikaa kimya kwenye simu. Taa ya halojeni ikipungukiwa volti asilimia 10, mwanga haupungui asilimia 10. Unapungua karibu asilimia 30. Hilo nilikuwa nalijua shuleni. Kwenye gari la mteja sikulikumbuka.

Nikapanda bodaboda na mita yangu ya kupimia volti mfukoni. Injini inawaka, taa zinawaka, muziki juu. Kwenye nguzo za betri, volti 13.9, hakuna tatizo. Kwenye amplifaya, 12.2. Volti karibu mbili zimepotelea njiani! Nikaweka ncha moja ya mita kwenye nguzo ya hasi ya betri, nyingine kwenye bodi ya gari, chuma kitupu. Pale panatakiwa pasomeke karibu na sifuri. Pakasoma 1.4. Nikafuata waya wa arthi, ule mkanda mfupi unaotoka betri kwenda kwenye bodi. Umeota ukungu wa kijani, bolti imekaa juu ya rangi, nyuzi nusu zimekatika. Taa za mbele zinatumia bodi hiyo hiyo kurudishia umeme, ndiyo maana zilikuwa zinakonyeza pamoja na besi.

Nikaikwangua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, nikaweka waya mpya mnene na bolti mpya, nikapaka grisi juu. Nikapima tena: 0.1. Nikachomoa kapasita kabisa, nikamwambia mzee afungue muziki mpaka kuku wa jirani wakimbie. Taa zikatulia tuli. Tatizo lote lilikuwa waya usiofika urefu wa mkono.

Nikamrudishia hela ya kapasita, nikashuka nayo. Ndiyo hii. Sasa mmejua kwa nini haiuzwi.

Kwa hiyo mteja akija, mita kwanza. Injini ikiwa imezimwa na imepumzika, betri nzima inasoma volti 12.6 hivi. Ikisoma 12.0 ina njaa, na betri ya madini ya risasi inayoachwa na njaa mara kwa mara inakufa kabla ya wakati wake. Washa injini: unatafuta kati ya 13.8 na 14.4. Washa taa na muziki wote, ukae sailensa, usome tena. Ikishuka chini ya 12.6, maana yake oltaneta imeshindwa na sasa unakula akiba ya tajiri. Hapo dawa ni oltaneta kubwa zaidi au muziki mdogo zaidi, hakuna ya tatu. Ikibaki 13.5 kwenye betri lakini kwenye amplifaya iko chini sana, fuata nyaya.

Na nyaya ndipo hela ya mteja inapotakiwa kwenda kwanza. Waya wa milimita 8 za mraba, urefu wa mita 5 kutoka boneti hadi buti, ukipitisha ampea 90, unakunywa volti 1 hivi kabla hujafika. Weka wa milimita 21, unakunywa chini ya nusu volti. Lakini muwe macho dukani. Kuna nyaya nene, za rangi nzuri, bei ya kutabasamu, ndani ni aluminiamu iliyopakwa shaba kwa juu. Aluminiamu inazuia umeme mara moja na nusu na zaidi kuliko shaba. Kwangua uzi mmoja kwa kisu: ukiona weupe, rudisha, au nunua mnene zaidi ukijua umenunua nini. Kisha kuna nyaya tatu ambazo mteja hazioni na kwa hiyo hataki kuzilipia: oltaneta kwenda chanya ya betri, hasi ya betri kwenda bodi, na injini kwenda bodi. Hizo zimewekwa kiwandani kwa gari lisilo na muziki wako. Ziongeze unene. Mimi naona nusu ya kapasita zilizofungwa mji huu zingekaa dukani kama hizo tatu zingeguswa kwanza, ingawa wenye maduka hawatanialika tena.

Ndiyo, kofia nyekundu, sema. Anauliza, kwa hiyo kapasita ni utapeli? Hapana, bwana. Ukishamaliza yote hayo, oltaneta inatosha, betri nzima, nyaya nene, na bado unaona volti inarukaruka kidogo kwenye kila pigo, hapo konda anahitaji chenji. Kipimo cha mafundi ni faradi 1 kwa kila wati 1000 za kweli. Iwekwe karibu na amplifaya, isizidi nusu mita, kwa waya mnene, maana chenji iliyofungiwa sandukuni nyumbani siyo chenji. Ukiifunga kwenye boneti umepamba tu.

Na usinunue kwa namba za kwenye ganda. Nimeona mkebe mwepesi kama wa maziwa umeandikwa faradi 20. Ipimeni wenyewe. Tafuteni rezista, kile kidude cha kupunguza mwendo wa umeme, ya omu 30, ijazeni kapasita tupu kupitia hiyo kutoka kwenye betri ya volti 12.6, mkiangalia saa na mita. Kama kweli ni faradi 1, itachukua sekunde 30 kufika volti 8 hivi. Ikifika kwa sekunde 10, mmeuziwa theluthi moja.

Kufunga kwenyewe, hapa nitakuwa mkali. Kapasita tupu ukiigusisha moja kwa moja kwenye betri, inameza ampea nyingi kwa mara moja, inatoa cheche zinazochoma nguzo na kurusha fyuzi, na spana ikiteleza unaweza kuungua. Vueni pete. Ijazwe polepole kupitia rezista au balbu, na ukiitoa kwenye gari iondolewe umeme vilevile, kupitia balbu. Chanya kwa chanya, hasi kwa hasi. Ukizigeuza, yale majimaji ya ndani yanapata moto, na mkebe unaweza kupasuka. Fyuzi ya waya mkuu ikae karibu na betri, isizidi nusu mita, kwa sababu fyuzi inalinda waya, hailindi amplifaya. Waya unaopita ukuta wa chuma kati ya injini na ndani uvishwe raba. Ule ukuta una makali, gari linatikisika, na waya usio na fyuzi ukichubuka pale unalitia gari moto. Na kile kioo cha namba za buluu kinakula betri usiku kucha kama hukukifunga kizimike pamoja na redio. Mtu anaegesha gari wiki nzima kijijini, anarudi halipigi starti, analaumu baridi ya mlimani.

Mama aliye nyuma, karibu. Anauliza kama inaweza kumuua mtoto akiigusa. Volti 14 hazipenyi ngozi kavu kiasi cha kudhuru, mama. Hatari yake ni moto, siyo mshtuko. Mtoto akiweka kijiko kati ya zile nguzo mbili ndipo utalia. Ifunikwe kofia zake za plastiki, basi.

Nimalizie na jaribio, maana maneno yamekuwa mengi. Hii hapa betri. Hii balbu ya indiketa, wati 21, ya kawaida kabisa. Betri naiunganisha na kapasita kupitia balbu. Tazameni: imewaka, inafifia, imezima. Imejaa. Sasa natoa betri pembeni kabisa, mnaona, iko huku. Balbu naigusisha kwenye kapasita peke yake. Hesabuni kwa sauti.

Moja. Mbili. Tatu, imekuwa nyekundu. Nne. Tano... ipo? Haipo.

Hiyo ilikuwa balbu moja. Amplifaya ya wati 1000 ni balbu kama hizo karibu hamsini zikiwaka kwa pamoja. Haya, kofia nyekundu, ile Noah nyeupe pale nje si yako? Isogeze karibu na mlango, ufungue boneti, uache muziki umewaka. Kijana, lete mita yangu. Tunaanza na arthi.